Jinsi ya Kufundisha Cheche za Nuru katika Kabala: Vipindi Vinne kwa Vikundi vya Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeongoza kikundi cha kusoma: mwalimu wa dini, mwanafunzi wa theolojia, au mwezeshaji wa yale mabaraza ya Arusha na Moshi ambako Mlutheri, Mkatoliki na Muislamu huketi meza moja. Somo lenyewe ni fundisho la Kabala, yaani mapokeo ya siri ya dini ya Kiyahudi, lisemalo kwamba cheche za nuru ya Mungu zimenaswa ndani ya vitu vya dunia hii, na kwamba binadamu amepewa kazi ya kuzitoa.

Fundisho hili lina hatua tano, na mpangilio wake haubadilishwi: Mungu anajivuta kuacha nafasi; vyombo vinatengenezwa kupokea nuru; vyombo vinavunjika; cheche zinafunikwa na maganda; binadamu anachambua. Vikundi vingi huanguka kwa sababu mwezeshaji anaanza na hatua ya mwisho, tena nusu yake: "kila mtu ana cheche ndani yake." Maneno hayo ni matamu, watu wanatikisa vichwa, na baada ya dakika kumi hakuna la kuzungumza. Cheche isiyo na chombo kilichovunjika nyuma yake wala ganda juu yake inabaki kuwa pambo tu. Kabala inazungumzia kazi ya mikono, mdomo na nia, na vipindi hivi vimepangwa ili washiriki waione kazi hiyo kabla hawajasikia sifa zake.

Maandalizi

Mwezeshaji awe na tarehe chache kichwani, maana ataulizwa. Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, kilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kikihusishwa na Moshe de León, aliyefariki mwaka 1305. Mapokeo ya Kiyahudi yanakirudisha kwa Shimon bar Yohai wa karne ya 2. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, na katika miongo iliyofuata wanazuoni wengi walikusanyika Safed, mji wa milimani kule Galilaya. Hapo ndipo Isaac Luria alipoyapanga mafundisho ya cheche kwa namna tunayoifundisha leo. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akakulia Misri, akafika Safed mwaka 1570, akafariki kwa tauni mwaka 1572 akiwa na miaka 38. Hakuandika karibu chochote. Tunayoyajua yametoka kwa wanafunzi wake, hasa Hayyim Vital (1542–1620). Kwa hiyo mshiriki akisema "Luria ameandika," msahihishe kwa upole: Vital ameandika kwamba Luria alifundisha. Hii ndiyo sababu maandishi mawili ya shule hiyo hiyo yanaweza kupishana katika jambo moja bila mwandishi yeyote kuwa mwongo.

Vifaa si vya gharama. Tafuta ubao mweusi wa karibu mita moja kila upande, pakiti ya chaki nyeupe na kitambaa kikavu cha pamba. Tafuta vibakuli 10 vya plastiki vya ukubwa mmoja, karatasi ya manila ya kukata vibandiko vya majina, na kamba ya katani ya mita sita hivi. Biblia ya Kiswahili, moja kwa watu wawili. Punje 288 za kahawa kavu ya maganda, ile ambayo haijakobolewa. Ni kama gramu 50 hadi 60, mkulima yeyote wa Kibosho, Machame au Tengeru atakupa bila maswali. Kama ni msimu wa mavuno, ongeza matunda mabivu 12 ya kahawa. Kwa kipindi cha mwisho, ndizi mbivu ndogo 12, kisukari ikipatikana.

Kikundi cha watu 12 ndicho kinachofaa zaidi, kwa kuwa 288 inagawanyika kwao sawasawa, punje 24 kila mmoja. Wakiwa 8 ni punje 36, wakiwa 9 ni 32, wakiwa 16 ni 18. Wakiwa 10 zinabaki 8, na hizo 8 zitakuletea maswali ambayo fundisho halina majibu yake. Kila kipindi kichukue saa moja na nusu, na kati ya kipindi na kipindi ipite wiki nzima.

Kipindi cha kwanza: ubao na vibakuli

Anza kwa kuupaka ubao wote chaki nyeupe, ukiilaza chaki kwa ubavu, mpaka pasibaki pa kuandika. Chaki mbili au tatu zitakwisha. Waambie washiriki: huyu ni Ein Sof, Asiye na Mwisho. Hakuna nje yake, kwa hiyo hakuna mahali pa ulimwengu kukaa. Kisha chukua kitambaa kikavu ufute duara katikati ya ubao, kuanzia ndani kwenda nje. Tendo hilo la kujivuta linaitwa tsimtsumu.

Sasa waite wasogee walitazame duara kwa karibu. Weusi wake haujakamilika: kuna ukungu wa chaki uliobaki. Huo ukungu upo katika fundisho lenyewe, nao unaitwa reshimu, mabaki ya nuru pale ilipoondoka. Ndiyo maana tunasisitiza kitambaa kiwe kikavu. Ukitumia sponji yenye maji duara litang'aa kwa weusi, na utakuwa umefundisha kwamba Mungu ameondoka kabisa mahali fulani, jambo ambalo Luria hakulisema. Mwisho, chora mstari mmoja mnyoofu wa chaki kutoka ukingo wa juu wa duara kuingia ndani, na uukomeshe kabla haujagusa ukingo wa chini. Katika maelezo ya Vital mstari huo wa nuru haufiki chini, kwa sababu ukifika utaungana tena na nuru inayozunguka na nafasi yote itapotea. Washiriki wenye jicho kali watauliza kuhusu mwanya huo wenyewe, waache waulize.

Hapo umetumia dakika 30. Geukia sakafu.

Vipange vibakuli 10 katika mstari mmoja, kimoja chini ya kingine, kwa nafasi ya shubiri moja kati yao. Hizi ni sefiroti 10, sifa au njia ambazo Mungu anajidhihirisha kwazo: Keter, Hokhma, Bina, Hesed, Gevura, Tiferet, Netzah, Hod, Yesod, Malkhut. Kwa Kiswahili cha kawaida unaweza kusema taji, hekima, ufahamu, fadhili, ukali wa hukumu, uzuri, ushindi, utukufu, msingi, ufalme. Wape washiriki vibandiko waviweke wenyewe. Kisha uliza swali moja: kuna bakuli linalogusana na jingine? Hakuna. Hapo ndipo penye tatizo. Katika ulimwengu huu wa kwanza kila chombo kilisimama peke yake na kupokea nuru kwa ajili yake tu. Vitatu vya juu vilihimili. Sita, kuanzia Hesed hadi Yesod, vilipigwa na nuru na kuvunjika. Malkhut nacho kilipasuka, ingawa si kwa kiasi kile. Vigeuze hivyo saba kifudifudi, kimoja kimoja, na kila ukigeuza kimoja taja jina lake.

Nuru nyingi ilirudi juu ilikotoka. Cheche 288 zikaanguka zimeng'ang'ania vipande vya vyombo, na vipande hivyo ndivyo asili ya maganda na ya ulimwengu huu mzito tunaoushika kwa mikono.

Wawezeshaji wengine hupenda kuvunja vyungu vya udongo kweli. Tunashauri usifanye hivyo. Vigae vya chungu cha Kipare vinakata vidole, na zaidi ya hapo mshindo unameza kipindi kizima: watu wataondoka wakikumbuka kuvunjika tu, wasikumbuke kwa nini. Na hilo "kwa nini" ndilo penye utajiri. Maandishi yanatoa majibu mawili, na yote mawili yafundishwe. La kwanza: nuru ilikuwa kali kuliko uwezo wa vyombo visivyosaidiana. La pili, ambalo ni zito zaidi: ndani ya nuru yenyewe kulikuwa na mizizi ya hukumu kali iliyohitaji kutengwa, na kuvunjika kulikuwa njia ya kuisafisha. Jibu la kwanza linafanya uvunjikaji uwe kama ajali. La pili linaufanya uwe mpango. Usiwalazimishe kuchagua. Waandishi wa Safed hawakuchagua.

Malizia kwa kupanga upya. Kulia kwa anayetazama weka Hokhma, Hesed na Netzah. Kushoto weka Bina, Gevura na Hod. Katikati, kutoka juu, Keter, Tiferet, Yesod na Malkhut. Zungusha kamba ya katani kutoka bakuli hadi bakuli mpaka kila moja liwe limefungamana na mwenzake. Huu ndio ulimwengu wa tikuni, wa matengenezo. Vibakuli ni vilevile, mpangilio ndio umebadilika. Piga picha kwa simu, maana utaihitaji wiki ijayo.

Kipindi cha pili: maandiko

Fungua Mwanzo 1:2: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Kitenzi hicho katika Kiebrania ni merahefet, kina herufi tano: mem, resh, het, pe, tav. Andika ubaoni. Wakabala huzitenga herufi mbili za pembeni, mem na tav, zikasomeka met, "amekufa." Zinabaki tatu za katikati. Kila herufi ya Kiebrania ni tarakimu pia: resh ni 200, pe ni 80, het ni 8. Jumla 288. Ndani ya neno moja, kabla hata nuru haijaumbwa, wanasoma kwamba cheche 288 zimeanguka, na kuanguka ndiko kufa.

Kama kuna mshiriki aliyepita madrasa, mpe nafasi hapa. Anayejua abjadi, yaani hesabu ya herufi za Kiarabu, atakuambia ra ni 200, fa ni 80, na ha ya koo ni 8. Hesabu ni ileile. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kuondoa hofu kwamba haya ni mambo ya ramli ya kigeni.

Kisha Mwanzo 36:31–39, orodha ya wafalme wa Edomu waliotawala kabla mfalme yeyote hajatawala Israeli. Watu huiruka orodha hii. Isomeni kwa sauti, mtu mmoja mfalme mmoja. Wako wanane. Baada ya kila mmoja wa saba wa kwanza, kuanzia Bela, imeandikwa kwamba alikufa. Wa nane, Hadari, hatajwi kufa, na ndiye pekee ambaye mkewe anatajwa kwa jina, Mehetabeli. Zohar ilikwisha kuwaona wafalme hao kuwa ulimwengu uliotangulia na kuharibika, na shule ya Luria ikawasoma kuwa vile vyombo saba. Wa nane ni mwanzo wa tikuni, kwa sababu hayuko peke yake. Onyesha tena picha ya vibakuli: mstari wa wapweke, kisha mtandao.

Jiandae kwa pingamizi. Mtu makini atafungua 1 Mambo ya Nyakati 1:51 na kukuta kwamba mfalme huyo wa nane, akiitwa huko Hadadi, naye alikufa. Usimkwepe. Usomaji wa wakabala umejengwa juu ya kile Mwanzo inachonyamazia, na wao waliijua Mambo ya Nyakati vizuri. Pingamizi la pili litakuwa la mchungaji: Musa hakukusudia hayo. Jibu lipo ndani ya mapokeo yenyewe, yanayotambua ngazi nne za kusoma: maana ya wazi, dokezo, mahubiri na siri. Siri haifuti maana ya wazi. Orodha ya Edomu inabaki kuwa orodha ya wafalme wa Edomu.

Ikiwa muda umebaki, na Arusha tungesema usiukose, chukua Mwanzo 31:10, ndoto ya Yakobo yenye mabeberu wa milia, wa madoadoa na wa marakaraka. Wakabala wamezipa hatua tatu za nuru majina hayo ya rangi za mifugo: kwanza nuru zote zimefungwa pamoja katika chombo kimoja, kisha zimetengana kama madoa, na ndiyo hali iliyovunjika, kisha zimechanganyika kwa mpangilio. Aliyekulia kwenye boma, aliyezoea kumtambua kila mnyama kwa rangi na mabaka yake, anaelewa mara moja tofauti kati ya doa lililosimama peke yake na rangi zilizoingiana. Mpe yeye aeleze.

Kipindi cha tatu: maganda

Hiki ndicho kipindi kigumu na ndicho bora. Neno la Kabala ni kelipa, wingi kelipoti, yaani maganda: kila kinachoifunika cheche na kuishi kwa nguvu yake. Mapokeo yanahesabu manne, yakitoa majina yake katika Ezekieli 1:4: upepo wa dhoruba, wingu kubwa, moto, na mwangaza. Matatu ya kwanza ni machafu kabisa. La nne, mwangaza, linaitwa noga. Limechanganyika, jema na baya, na limegusana na cheche moja kwa moja.

Wape washiriki kila mmoja tunda moja bivu la kahawa na uwaambie walifungue kwa kucha. Kwanza linatoka ganda jekundu na nyama yake. Chini yake kuna ute unaoteleza. Chini ya ute kuna ganda gumu la rangi ya maziwa. Na chini ya ganda hilo, likishakauka na kupasuliwa, kuna utando mwembamba wa rangi ya fedha ulioshikamana na punje, hauondoki wote hata ukiusugua. Katika mfereji wa katikati ya punje unabaki. Tabaka nne, tatu za kuondoa na moja iliyong'ang'ania. Ulinganisho huu ni wetu, Luria hakuijua kahawa ya Kilimanjaro, na uwaambie hivyo. Lakini kwa wasomaji wa mkoa huu hatujaona unaofaa kuuzidi.

Baada ya hapo gawa zile punje 288 kavu, kila mmoja 24, na kila mmoja akoboe zake kwa vidole, akiweka punje upande huu na maganda upande ule. Robo saa inatosha. Watu wazungumze wakikoboa, ila mwezeshaji asihubiri. Kazi hii ya kutenga kizuri na takataka ndiyo maana ya birur, uchambuaji, na wakabala wanasema historia yote ya dunia ni birur ya cheche hizo.

Mambo matatu huenda kombo hapa. Kahawa isipokauka vizuri ganda linakuwa kama mpira, halipasuki, na watu wanaishia kuiponda punje. Ianike juani mchana kutwa kabla ya kipindi. Pili, wengine hutaka kuleta kahawa kutoka dukani iliyokwisha kobolewa. Haina la kufundisha. Tatu, na ndilo kubwa, watu huuchukua mfano mpaka mwisho wake. Maganda ya kahawa ukiyatenga yanabaki maganda, unaweza kuyatupa kwenye migomba yawe mbolea. Kelipa si hivyo. Uhai wake wote unatoka kwenye cheche iliyomo. Cheche ikitoka, kelipa haina cha kuishi nacho, inakoma. Ubaya katika fundisho hili hauna chanzo chake wenyewe. Lisemee hilo polepole na ulirudie, maana mshiriki aliyezoea kufikiri kwamba shetani ana ufalme unaojitegemea atalipita bila kuliona.

Kipindi cha nne: mezani

Luria aliiweka kazi ya kutoa cheche katika sala, katika amri za Tora na katika nia inayoambatana nazo, iitwayo kavana. Karne mbili baadaye, kule Ulaya ya Mashariki, Wahasidi, yaani kundi la wachamungu wa Kiyahudi wanaomfuata Baal Shem Tov, aliyefariki mwaka 1760, waliipeleka kazi hiyo mpaka kwenye chakula, biashara na mazungumzo ya njiani. Mezani ndipo panapoonekana vizuri zaidi, kwa hiyo leta ndizi.

Hatua za mla chakula ni hizi. Kwanza anahakikisha chakula kinaruhusiwa. Pili anasema baraka inayokifaa. Tatu anakula akielekeza nia kwenye kazi ambayo nguvu ya chakula hicho itafanya. Nne, akiwa amekula angalau kiasi cha tunda la zeituni, ambacho wengi hukikadiria kuwa karibu gramu 30, anasema baraka ya baada ya kula. Tano anaitumia nguvu hiyo kwa alichokusudia. Hatua ya tano ndiyo inayosahaulika kufundishwa, nayo ndiyo inayokamilisha: cheche iliyokuwa ndani ya ndizi imepanda pale mlaji alipofanya tendo jema kwa nguvu za ndizi.

Sasa swali la Moshi: ndizi inasemewa baraka gani? Embe na parachichi vina baraka ya matunda ya mti. Wachagga wengi watajibu kwamba mgomba nao ni mti. Sheria ya Kiyahudi inasema hapana. Yosef Karo, aliyeishi Safed wakati uleule wa Luria na ambaye kitabu chake cha sheria, Shulhan Arukh, kilichapishwa Venice mwaka 1565, anaiweka ndizi kwenye baraka ya matunda ya ardhi. Sababu yake kila mwenye kihamba anaijua: mgomba ukishazaa shina lake limekwisha, linakatwa, na kinachoendelea ni chipukizi kutoka chini. Kahawa ya kunywa ina baraka nyingine tena, ile ya jumla, kwamba vyote vimekuwa kwa neno Lake. Usahihi huu una maana yake katika fundisho. Anayechambua lazima ajue anachambua nini. Baraka isiyolingana na chakula inaonyesha hajakitazama.

Kama washiriki si Wayahudi, someni baraka hizo kama maandishi ya kujifunza, msizitende kama ibada, na mahali pa Jina la Mungu mseme "Hashem," kama Wayahudi wenyewe wafanyavyo wanaposoma. Mmoja asome kwa Kiswahili: "Umebarikiwa Wewe, Hashem Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uumbaye matunda ya ardhi." Halafu kila mtu ale ndizi yake yote. Kipande kimoja hakifiki kiasi cha zeituni, na hatua ya nne itakosa maana.

Jadilini kisha mfano wa rabi wa Kihasidi, Shneur Zalman wa Liadi (1745–1812), katika kitabu cha Tanya, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1796. Mtu anakula nyama ya ng'ombe iliyonona na kunywa divai yenye viungo ili akili yake ipanuke kumtumikia Mungu: nguvu ya nyama inapanda. Mwingine anakula nyama ileile kwa ulafi: inashuka kwa muda kwenye maganda matatu machafu, mpaka mlaji atubu na kuirudisha. Sahani ni moja na bei ni moja. Ila nia haiwezi kila kitu. Kilichokatazwa kimefungwa katika yale maganda matatu, na hata mtu akila kitimoto kwa nia njema ya kupata nguvu za kusali, cheche yake haipandi. Wanaosema kwamba Kabala inafundisha "nia ndiyo kila kitu" hawajaifika sura ya 7 na ya 8 ya kitabu hicho.

Panapopotoka

Cheche zipo za aina mbili, nazo huchanganywa hata na waliosoma. Zile 288 ni za nuru iliyoanguka vyombo vilipovunjika, kabla ya binadamu. Za pili ni cheche za nafsi: nafsi ya Adamu ilibeba nafsi zote, katika viungo 248 na mishipa 365, jumla 613 sawa na amri za Tora, na alipoasi zikatawanyika. "Kila mtu ana cheche" inatokana na aina ya pili. Chakula na kahawa ni vya aina ya kwanza. Ukiona mjadala umekwama, angalia kwanza kama nusu ya chumba inazungumzia hizi na nusu nyingine zile.

Wasomi wa historia ya Kanisa watasema hii ni Ugnosi, fundisho la kale la wokovu kwa maarifa ya siri. Cheche zilizonaswa zipo huko pia, ni kweli. Lakini Mgnosi anataka kuukimbia ulimwengu uliotengenezwa na mungu wa chini. Mkabala anabaki na ndizi mkononi, kwa sababu muumba ni yuleyule na kazi iko hapa.

Maneno "tikkun olam," yanayotumika sana siku hizi kwa huduma za jamii, ni ya zamani kuliko Luria. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, yanahusu maamuzi ya sheria yanayolinda jamii, kwa mfano taratibu za talaka. Kuyatumia kwa kupanda miti mlimani ni halali na ni vizuri, ila usimwekee Luria mdomoni. Yeye alizungumzia marekebisho ya ulimwengu wa juu kwa njia ya amri na sala.

Kuhusu historia, mtafiti wa Kabala Gershom Scholem (1897–1982) alieleza kuvunjika kwa vyombo kuwa mwangwi wa kufukuzwa Hispania. Mtafiti mwingine, Moshe Idel, amepinga. Sisi tunashauri uyataje maelezo ya Scholem na usiyajengee kipindi, kwa kuwa Luria alizaliwa miaka 42 baada ya 1492 na maandishi ya shule yake hayaitaji Hispania kuwa sababu ya fundisho hili.

Onyo kubwa ni la Shabbetai Zvi. Alitangazwa Masihi mwaka 1665, na mwaka 1666 akasilimu mbele ya sultani wa Uturuki. Nabii wake, Nathan wa Gaza, akaeleza kwamba ameshuka kwa makusudi ndani ya maganda ili atoe cheche zilizobaki. Kwa hoja hiyo baadhi ya wafuasi walihalalisha kuvunja amri. Mshiriki akiuliza, "basi si inabidi tuingie dhambini ili tuzikomboe cheche za humo?" usijibu kwa nadharia, msimulie habari hii, kisha mrudishe kwenye sura za Tanya kuhusu kilichokatazwa.

Na watakuja wanaotaka hirizi, nyuzi nyekundu, au tarakimu ya bahati kutokana na 288. Wakatalie palepale. Vipindi hivi havina kitu hicho.

Wakitaka kuendelea

Arusha kuna jamii ndogo ya Wayahudi. Kikundi kikitaka kuwatembelea, kiombe ruhusa mapema kupitia mtu mmoja, kisifike kwa msafara. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, huku kwetu saa 12 na nusu jioni hivi, na inakwisha Jumamosi usiku nyota zikishaonekana. Katika muda huo msipige picha, msirekodi, msitoe simu wala daftari la kuandikia. Msipeleke chakula mlichopika. Na maswali ya cheche yasiwe ya kwanza kuulizwa, kwani Wayahudi wengi huishi dini yao yote bila kuisoma Kabala. Anzeni kwa kuuliza wanasoma sehemu gani ya Tora wiki hiyo.